Mzigo Unaorudi

Ukitaka kuijua kampuni ya kusafirisha vifurushi, usiiulize inafikisha mizigo mingapi kwa siku. Jibu la swali hilo kila meneja analo mdomoni. Iulize hivi: kuna boksi la viatu lililokataliwa na mteja Songea, sasa hivi liko wapi, liko mikononi mwa nani, na mwenye mali ameambiwa nini? Nilisimamia upelekaji wa mizigo Dar es Salaam kwa miaka kadhaa. Niliingia kazini tukiandika kwenye daftari, nikaondoka tukitumia mfumo wa kompyuta, na katika vipindi vyote viwili mizigo iliyokwenda salama haikunifundisha mengi. Iliyonifundisha kazi ni ile iliyorudi.

Ofisi yetu ilikuwa pembezoni mwa Kariakoo, na wateja wetu wakubwa walikuwa wafanyabiashara wa hapohapo: wa madera na vitenge, wa viatu vya watoto, wa kava na chaja za simu, wa vipodozi, wa masufuria na chupa za chai. Wengi wao duka lao halisi lilikuwa simu. Asubuhi walipiga picha za bidhaa wakazitundika WhatsApp na Instagram, na kufikia mchana walikuwa na oda za Mwanza, Mbeya, Arusha, Mtwara na Mbagala. Alasiri vijana wa bodaboda na kirikuu yetu walipita kukusanya. Jioni tulipanga mizigo kwa njia: Kanda ya Ziwa, Nyanda za Juu Kusini, Kaskazini, Kusini, na ya mjini. Ya mikoani ilipelekwa stendi, zamani Ubungo na tangu 2021 Mbezi Luis kwenye kituo cha Magufuli, ikapakiwa kwenye buti za mabasi pamoja na mabegi ya abiria. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni takribani kilomita 450, Mbeya zaidi ya 800, Mwanza zaidi ya 1,100. Umbali huo wote mali ya mtu iko mikononi mwa watu asiowajua.

Wakati wa daftari tulikuwa na mzee wa stoo ambaye methali yake ilikuwa moja tu, mali bila daftari hupotea bila habari, na aliitoa kila mtu alipotaka kumwachia kitu bila kuandika. Daftari lake lilikuwa kaunta buku lililochorwa kwa rula: mtumaji, mpokeaji, simu, aendako, basi, na "amelipa" au "atalipa akipokea". Kwa mizigo inayokwenda, lilitosha kabisa. Mzigo uliorudi haukuwa na safu yake. Mzee aliandika RUDI kwa kalamu nyekundu pembeni ya mstari wa zamani, kurasa kadhaa nyuma, na kama ulirudi nusu, au ulitumwa tena ukarudi tena, pembeni paliisha nafasi. Daftari lilikuwa linasema tulivyofikiri ofisi nzima. Kwetu sisi, mzigo kurudi ilikuwa ajali. Hatukuhesabu kuwa ni kazi.

Kisha ukaja mfumo. Kampuni ilinunua programu iliyotengenezwa nje ya nchi, pamoja na printa ya stika na skana za mkononi. Kila kifurushi kikapata namba na bakodi yake. Bakodi ya bidhaa za dukani ilianza kazi Juni 1974 kwenye kaunta ya duka la vyakula mjini Troy, Ohio, Marekani, na kitu cha kwanza kusomwa kilikuwa pakiti ya bigijii. Dukani bidhaa husomwa mara moja, ikalipiwa, ikaondoka na mwenyewe. Kifurushi hakina bahati hiyo. Husomwa kikichukuliwa dukani, kikiingia stoo, kikipanda basi, kikishuka, kikipewa boda, na kila kinaposomwa swali ni lilelile: nani anakishika sasa?

Mfumo ulituzoesha pia kufanya kazi kwa bachi, yaani kundi la vifurushi vinavyosafiri pamoja chini ya namba moja. Badala ya kuandika vifurushi sitini vya Mbeya kimoja kimoja, unafungua bachi, unaviskani, unaifunga, unachapa orodha moja na mpokeaji anasaini mara moja. Kazi iliyokuwa ikila jioni nzima ikaanza kuisha kabla ya magharibi. Hata ratiba yetu ikabadilika kuifuata. Bachi haikufungwa kwa saa ya ofisi, ilifungwa kwa saa ya basi, na mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa kusafiri usiku mwaka 2023, tuliongeza bachi ya pili ya jioni bila kuongeza mtu.

Ndani ya raha hiyo kulikuwa na kitufe kimoja kilichotusumbua. Ukifungua bachi, uliweza kubadili hali ya vifurushi vyote kwa mpigo. Bofya "Imefika", na kila kilichomo kinaandikwa kimefika. Wakala wa mkoani alikuwa na duka lake la vinywaji na wateja kaunta. Konda alipompigia kwamba basi limeingia, alibofya, kisha akaenda stendi baadaye akipata nafasi. Kule alikuta viwili havipo. Kimoja kilishushwa Iringa, kingine kilibaki Mbezi kwa sababu buti lilijaa. Lakini wenye mizigo walishapata ujumbe wa kuja kuchukua. Mteja anafika dukani, hakuna kitu. Anampigia muuzaji Kariakoo kwa hasira, muuzaji ananipigia mimi, nami nikitazama skrini kila kitu ni kijani.

Bachi na kifurushi ni vitu viwili vyenye maisha tofauti. Basi linaweza kufika na kifurushi kisifike. Bachi ina kazi moja ya haki, nayo ni kushuhudia makabidhiano kati ya mtu na mtu. Hali ya kifurushi haina budi kutoka kwenye kifurushi chenyewe. Tulianza kulifuata hilo kwa mdomo, na baadaye watengenezaji wakaliweka kwenye programu. Bachi ikishafungwa, haiongezwi wala haipunguzwi. Anayepokea anaskani kimoja kimoja, na hadi amalize haonyeshwi orodha ya vinavyotakiwa kuwemo, kwa sababu mtu akishaiona orodha macho yake huikamilisha. Kisichoskaniwa kinaandikwa "pungufu" na mpokeaji, na aliyetuma hana ruhusa ya kulifuta neno hilo. Kilichozidi kinaandikwa "ziada" na kutafutiwa mwenyewe. Mawakala walinung'unika wiki za mwanzo. Walipoona kwamba "pungufu" waliyoiandika wao ndiyo iliyowaondolea lawama, wakawa wa kwanza kuidai.

Mtandao nao ulikuwa na mambo yake. Programu ilidhani intaneti ipo saa zote. Alfajiri pale stendi, watu wamejaa na kila mmoja yuko kwenye simu, skana ilikuwa inazunguka tu, na kijana wetu akibofya tena. Zikazaliwa bachi mbili zenye vifurushi vilevile: moja ikafungwa kama kawaida, nyingine ikabaki wazi ikidai mizigo haijafika. Dawa yake haikuwa kuwakataza watu kubofya. Namba ya bachi ikaanza kutungwa ndani ya skana yenyewe kabla ya kutumwa, ili hata ikitumwa mara tano mfumo uitambue kuwa ni ileile. Na kila tukio likawekewa saa mbili, saa lilipotokea na saa taarifa zake zilipofika ofisini. Kabla ya hapo tuliwahi kuwa na vifurushi ambavyo, kwa mujibu wa kompyuta, vilipokelewa Mwanza kabla havijaondoka Dar es Salaam.

Hayo yote yalikuwa madogo mbele ya marejesho. Programu ilikuwa na ukurasa wa marejesho, na kwa macho ulipendeza. Mteja anaomba kurudisha, anachagua sababu, anachapa stika, anapeleka posta, hela inarudi kwenye kadi yake. Waliotengeneza waliifikiria Ulaya, ambako sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2011 inampa anayenunua kwa mtandao siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu. Safari wanayoijua wao ni kulipa, kupokea, kisha kurudisha.

Kwetu, kulipa ndiko kunakokuja mwisho. Mteja wa Singida hamjui muuzaji wa Kariakoo, amesikia habari za watu waliotuma hela wakafungua boksi la matambara, na ana haki ya kutaka kuona kwanza. Ndiyo maana "lipa ukipokea" ilikuwa uti wa mgongo wa biashara yetu, na ndiyo maana marejesho yetu mengi yalianzia mlangoni, au hata mlangoni hayakufika. Hakuna hela ya kurudisha, maana haijatolewa. Hakuna mteja wa kuchapa stika, maana ameshazima simu. Aliyepo ni kijana wa bodaboda amesimama Kimara na dera mkononi, na skrini inamuuliza mteja angependa kurudishiwa fedha zake kwa njia gani.

Tuliacha kuyaona marejesho kuwa safari ileile iliyogeuzwa kinyumenyume. Mzigo unaorudi ni mzigo mpya. Una namba yake, iliyofungwa kwenye namba ya kwanza ili historia isikatike. Una mtumaji, ambaye sasa ni wakala, na mpokeaji, ambaye ni muuzaji. Una nauli yake, na ni lazima ijulikane nani anailipa kabla haujapanda basi, si baada ya kufika. Na unaingia kwenye bachi yake ya kurudi, inayofungwa na kuhesabiwa kwa kanuni zilezile za kwenda. Mara tu tulipofanya hivyo, lile swali la boksi la Songea lilianza kupata jibu.

Lakini kompyuta haiwezi kukiokoa kitu ambacho mikono inakichanganya. Kifurushi kinachorudi kina stika ya zamani, na bakodi yake bado inasomeka vizuri. Ukibandika mpya pembeni bila kuifunika ya kwanza, skana itasoma ile iliyo karibu, na boksi litapanda tena basi kuelekea kwa mteja aliyelikataa. Tuliwahi kupokea simu ya mama mmoja wa Tabora aliyeletewa sufuria alizozikataa, kwa mara ya pili, akauliza kama tunamlazimisha. Tangu hapo maka peni nyeusi iliwekwa mezani pa marejesho, na stika ya zamani ilichorwa msalaba kabla mpya haijabandikwa. Marejesho yakapewa shelfu yao upande wa pili wa stoo, mbali na mlango wa kutokea. Hatua hizo mbili, za maka peni na shelfu, zilizuia hasara nyingi kuliko masasisho mengi ya programu.

Kisha kuna sababu za kurudi. Orodha iliyokuja na programu ilikuwa na "Mteja hapatikani", na kwa kuwa ilikuwa ya kwanza kwenye skrini, vijana waliichagua kwa kila kitu. Ripoti ya mwezi ikasema sehemu kubwa ya wateja wetu hawapatikani, kana kwamba nchi imehama. Nikaanza kuwapigia baadhi yao mwenyewe.

"Habari za mchana, dada. Napiga kuhusu mzigo wako wa jana."

"Mzigo gani tena, kaka? Nimeshinda nyumbani, hakuna aliyekuja."

"Kuna namba ngeni ilikupigia saa nane hivi?"

"Aa, namba ngeni sipokei. Siku hizi mtu akipiga ni wa ile hela tuma kwenye namba hii."

Alikuwa sahihi. Nchi iliyochoshwa na matapeli wa simu haipokei namba isiyoijua, na sisi tulikuwa tunapiga kwa namba za vijana, kila siku tofauti. Tukaanza kutuma ujumbe kwanza wenye jina la duka alilonunua na bei ya bidhaa, ndipo kijana apige. Kile kisanduku cha "hapatikani" tukakivunja vipande: simu haipokelewi, simu imezimwa, amesema njoo kesho, hana hela kwa sasa, amekataa baada ya kuona, si saizi yake, hajaagiza. Kila kipande kina tiba yake. Asiye na hela tarehe 20 mara nyingi anayo mshahara ukitoka, kwa hiyo mzigo wake ulisubiri kwa wakala badala ya kurudi Dar es Salaam kisha kutumwa upya. Anayekataa baada ya kuona ni habari ya muuzaji: picha zake zinang'aa kuliko nguo yenyewe. Na "hajaagiza" ikijirudia kwa muuzaji mmoja, kuna mtu anayecheza na namba za watu.

Anwani ilikuwa na hadithi yake. Programu ilidai postikodi, na isipopewa haikubali kwenda mbele, hivyo vijana waliandika sufuri tano. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi; mitaa ikapata majina na nyumba zikapata namba, jambo lililotusaidia kweli katika kupanga njia. Hata hivyo mteja akiulizwa anapoishi aliendelea kusema ukishuka Rangi Tatu uliza saluni iliyo karibu na msikiti. Tukaviweka vyote viwili: namba ya nyumba kwa ajili ya mashine, na maelezo ya mdomo, neno kwa neno, kwa ajili ya dereva. Mzigo uliorudi kwa sababu dereva hakuona nyumba ulikuwa mzigo ambao mtu fulani alifupisha maelezo yake.

Na kuna marejesho ya nusu, ambayo hakuna programu inayoyapenda. Mteja ameagiza jozi tatu za viatu, amechukua mbili, amelipa za mbili, ya tatu amerudisha. Mfumo ulijua kifurushi kimoja chenye hali moja: kimefika au kimerudi. Tulipoomba kifurushi kiweze kugawanywa, watengenezaji walishangaa kwamba jambo hilo linatokea kila siku. Hali ya bidhaa nayo ilihitaji ushahidi. Picha ilipigwa mlangoni wakati mteja anarudisha, nyingine mezani kwetu, na ya tatu mbele ya muuzaji. Bila picha hizo, soli iliyokanyaga lami inakuwa ugomvi wa watu watatu, na kila mmoja ameapa.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo lililo chini ya yote haya. Katika biashara ya vifurushi hasara haipotei hewani, huteremka. Muuzaji huidai kampuni, kampuni humwangalia wakala, wakala humwangalia kijana wa bodaboda, na chini yake hakuna mtu. Niliona vijana wakikatwa hela kwa mizigo waliyoirudisha kwa mikono yao, kwa sababu tu hakuna aliyeandika kwamba wameirudisha. Walipochukua asubuhi walisaini. Waliporudisha usiku, mtu wa stoo alisema weka pale, tutaandika kesho.

Kwa hiyo hesabu ya jioni ikawa sheria ambayo hata mkurugenzi hakuweza kuiruka. Alichokabidhiwa kijana asubuhi lazima kilingane na jumla ya vitu vitatu: alivyofikisha pamoja na malipo yake, alivyorudisha vikapokelewa, na alivyobaki navyo kwa makubaliano. Malipo yanalinganishwa na ujumbe wa simu ya biashara, si na maneno. Vilivyorudishwa vinaskaniwa yeye akiwa amesimama pale, naye anapata ujumbe kwenye simu yake wenye namba za vifurushi na jina la aliyepokea. Haondoki hadi vitatu hivyo vilingane na cha asubuhi, na mtu wa stoo pia haondoki. Mwanzoni waliona ni askari tumewawekea. Baada ya muda kijana mmoja aliniambia, "Bosi, siku hizi nalala." Hakuwahi kuiba kitu, alichokosa miaka yote ni karatasi ya kuthibitisha hivyo.

Ndiyo maana siamini sana maonyesho ya wauza programu. Wanakuja na kompyuta mpakato, wanafungua bachi ya mfano, wanabofya, mizigo yote inakwenda, ramani inajaa vidoti vya kijani, na wakurugenzi wanatikisa vichwa. Ukikaa kwenye kikao cha namna hiyo, mwache amalize, kisha mpe kazi moja. Mwambie achukue kifurushi kimoja kati ya sitini, chenye jozi tatu za viatu, kilichotumwa Songea kwa lipa ukipokea; mteja amechukua mbili, simu ya dereva haina mtandao, na jozi ya tatu inarudi Kariakoo kwa basi la kesho. Aonyeshe kila mkono utakaoishika, nani analipa nauli, na kijana wa Songea ana ushahidi gani jioni hiyo kwamba ameshaikabidhi. Akiweza, zungumzeni bei. Akisema hilo litakuja kwenye toleo lijalo, endeleeni na kaunta buku, ila ichoreni safu ya marejesho.